Ndege Inayoruka Kijiji

Mwezi uliopita kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita alinipigia simu kuomba msaada. Siku hizi anafanya kazi Arusha, katika kampuni ya uwindaji wa kitalii ambayo sitaitaja, kwa kuwa riziki yake bado iko pale. Alikuwa amekabidhiwa mwongozo wanaopewa wageni wanaojiandaa kuja kuwinda, autafsiri kwa Kiswahili ili wapishi, madereva, wafuata nyayo na wachuna ngozi wa kambini wajue mgeni ameahidiwa nini. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba uupitie kabla sijaukabidhi," alisema, "maana kuna maneno yananishinda."

Waraka una kurasa 31. Mara ya kwanza niliusoma kama msahihishaji, nikasahihisha. Mara ya pili niliusoma kama raia wa nchi hii, nikaweka kalamu chini.

Nieleze yaliyomo, kwa sababu wengi wetu tunabishana kuhusu uwindaji wa kitalii bila kuwahi kuona jinsi safari moja inavyopangwa. Mgeni huanza maandalizi takriban mwaka mmoja kabla. Anachagua idadi ya siku kulingana na wanyama anaowataka. Anayetaka simba au tembo ananunua safari ya siku 21, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola kabla hajafyatua risasi moja. Anatuma namba za bunduki zake ili aombewe kibali cha kuziingiza nchini kwa muda. Anakumbushwa kwamba kwa nyati, simba na tembo bunduki isiwe chini ya kipenyo cha .375, na kwamba shirika la ndege litamruhusu kilo 5 tu za risasi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Anatakiwa awe na dawa za malaria na bima ya kuokolewa kwa ndege iwapo ataumia. Anatua KIA usiku, analala Arusha, na asubuhi anapelekwa uwanja wa Kisongo kupanda ndege ndogo. Mzigo uwe wa begi laini, usizidi kilo 15, kwa sababu ndege ni ndogo na kiwanja cha kutua ni cha udongo. Asivae nguo za bluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o. Ndege itamshusha dakika chache kutoka kambini, na siku ya 21 itamchukua hapohapo.

Kuna ukurasa mzima juu ya bakshishi. Kuna kurasa tatu juu ya nyara: jinsi ngozi inavyotiwa chumvi, jinsi pembe zinavyochemshwa, vibali vya mkataba wa CITES, na namna sanduku litakavyomfuata mgeni hadi kwao. Mbung'o ametajwa mara nne. Kijiji hakikutajwa hata mara moja.

Nilimpigia yule kijana nikamuuliza kitalu chenyewe kiko wapi. Akacheka kidogo. "Mwalimu, ni kule kwetu."

Kwao ni katika vijiji vilivyopakana na mapori ya Rungwa, kwenye ile barabara ndefu inayotoka Itigi kwenda Mbeya. Ni Mkimbu. Wanaowafahamu Wakimbu wanajua kwamba historia yao haiandikiki bila asali na bila uwindaji. Mizinga ya magome iliyotundikwa katika miti ya miombo ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa upande ule. Yeye alisomeshwa na baba yake mdogo. Alipokuwa mwaka wa pili hapa chuoni, baba mdogo huyo alikamatwa njiani na nyama kavu ya tandala juu ya baiskeli. Kijana alikuja ofisini kwangu kuaga, akisema anarudi nyumbani kwa sababu hakuna tena wa kumlipia. Tulichanga, walimu wachache na wanafunzi wenzake, akamaliza. Baba mdogo bado yuko gerezani.

Sisemi kwamba baba mdogo hakuvunja sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wazi kwamba nyara ni mali ya serikali, na nyama ni nyara. Ikisomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, inafungua mlango wa kifungo cha miaka 20. Mwanasheria yeyote aliyepitia mashauri ya rufaa kutoka kanda zinazopakana na hifadhi ameyaona: mtu, kisu, panga, kipande cha nyama ya nyumbu au ya swala, miaka 20. Ndugu zetu mahakimu hawana hiari kubwa hapo. Bunge ndilo lililowafunga mikono.

Ninachosema ni hiki. Katika waraka uleule, ukurasa wa 14, mgeni anaelezwa kwa lugha tulivu jinsi ya kumpata simba au chui kwa chambo. Anapigwa pundamilia au kiboko, anakokotwa, anatundikwa mtini, anaachwa aoze ili harufu ienee. Yote haya yana kibali na yamelipiwa, kwa hiyo ni halali. Basi katika pori moja, chini ya sheria moja, mzoga mzima unaozeshwa kwa makusudi juu ya mti, na kilo chache za nyama juu ya baiskeli zinamla mtu miaka 20 ya umri wake. Anayekaa kijijini anaiona harufu ile kwa pua yake. Anayeshuka kwenye ndege hataiona baiskeli, kwa sababu safari yake imepangwa asiione.

Hoja yangu iko hapo. Tumezoea kujadili kama uwindaji ni ukatili au si ukatili, kama dola ni nyingi au ni chache. Mimi nasema tuangalie ndege. Kuruka moja kwa moja hadi porini kunauzwa kama anasa na kama lazima ya kijiografia, kwa kuwa barabara ni mbovu na umbali ni mkubwa. Lakini kazi yake nyingine, ambayo haikuandikwa katika kurasa zile 31, ni kumwondoa mwananchi katika mkataba unaomhusu. Mwenye fedha na mwenye kibali wanakutana angani, juu ya kichwa cha mwenye ardhi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909, akapanda treni hadi tambarare za Kapiti, alihitaji wapagazi zaidi ya mia mbili ili aweze kusogea. Safari ile ilikuwa ya unyonyaji mtupu, na wanyama waliouawa na yeye na mwanawe walipita mia tano. Lakini hakuweza kuvuka nchi bila kupita katikati ya watu. Alihitaji unga wao, maji yao, njia zao na migongo yao. Ndege ilikuja baadaye. Denys Finch Hatton, aliyewahi kumwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza katika safari za kuwinda, alikuwa akijaribu namna ya kuwatafuta tembo kutoka angani alipoanguka na ndege yake Voi mwezi Mei 1931. Inashangaza kwamba mtu huyohuyo alikuwa amelalamika hadharani kuhusu watu wanaoua wanyama kutoka ndani ya magari. Sheria yetu leo inakataza kumkimbiza mnyama kwa gari au kwa ndege. Inamlinda mnyama dhidi ya ndege. Mwanakijiji hajapata kifungu kama hicho.

Najua jibu nitakalopewa, na sitalidharau, kwa sababu lina ukweli mwingi kuliko wanaharakati wenzangu wanavyopenda kukiri. Mapori ya akiba na vitalu vya uwindaji ni ardhi kubwa mno ambayo watalii wa picha hawaitaki. Hakuna anayelipa fedha ili akae siku kumi Moyowosi akiumwa na mbung'o ili apige picha ya kinamasi. Kampuni ya uwindaji ikiondoka, mara nyingi kinachofuata si amani ya wanyama bali ni tanuru za mkaa, mashamba na makundi ya ng'ombe. Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, nao wanyama hawakuongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba tangu mwaka huo wanyamapori wakubwa katika maeneo ya ufugaji walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Anayesema kwamba kufuta uwindaji peke yake kutaokoa simba anapaswa kuzieleza takwimu hizo. Sisi wenyewe tulifuta mwaka 1973 na tukafungua tena mwaka 1978.

Lakini wanaotetea uwindaji nao wana deni la kueleza. Wanasema uwepo wa mwindaji porini ni ulinzi. Selous ilikuwa imegawanywa karibu yote kuwa vitalu vya uwindaji, na hesabu ya mwaka 2013 ilikuta tembo 13,084 mahali palipokuwa na zaidi ya laki moja miaka ya sabini. Kwa nchi nzima tulishuka kutoka tembo takriban 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Kambi zilikuwepo, viwanja vya ndege vilikuwepo, wawindaji bingwa walikuwepo. Nani hakuwepo? Mtu ambaye nyumba yake iko kilomita mbili kutoka mpaka, anayejua gari gani lilipita usiku na bunduki ilisikika upande gani. Huyo alikuwa ameambiwa kwa miaka mingi kwamba pori halimhusu, naye akaamini. Tembo walipokuwa wakichinjwa, wengine katika vijiji hivyo walinyamaza, na wengine, tuseme ukweli, walibeba pembe.

Mtu asiyeonekana katika mpango wa safari hatakuwa shahidi wa yanayotendeka. Mwaka 2014 Bunge lilioneshwa mkanda wa wawindaji wakiwakimbiza wanyama kwa magari, pamoja na ukiukwaji mwingine. Waziri wa wakati huo akafuta leseni ya kampuni husika. Mwaka 2016 waziri mwingine akairudisha. Tunapenda kubishana kuhusu mawaziri. Mimi kinachonikera zaidi ni kwamba tuliyajua yale kwa sababu wahusika walijirekodi wenyewe kwa furaha zao. Wasingekuwa na kamera, tusingejua mpaka leo.

Halafu kuna Loliondo, ambako kiwanja cha ndege kimekuwa sehemu ya simulizi tangu mwaka 1992, kampuni ya Ortello kutoka Falme za Kiarabu ilipopewa kitalu juu ya ardhi ya vijiji vilivyosajiliwa kisheria. Miaka 30 baadaye, Juni 2022, vigingi vilisimikwa kutenga kilomita za mraba 1,500. Askari polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa, na familia zikavuka mpaka kwenda Narok kutafuta matibabu na hifadhi. Nimewasikia wasomi wenzangu wakisema Loliondo ni suala la kipekee, la wafalme na fedha nyingi. Silikubali hilo. Loliondo ni waraka uleule wa kurasa 31 ulipokutana na watu waliokataa kurukwa.

Turudi kwenye fedha, maana mtumishi wa serikali anayesoma hapa tayari ana jibu: kuna mgao wa asilimia 25 unaorudi kwenye halmashauri za wilaya. Ni kweli, utaratibu huo umekuwepo. Swali langu ni dogo. Fedha zikifika halmashauri zinaingia katika kapu moja na mapato mengine, na mwanakijiji anaona darasa likijengwa bila kujua kama limetoka kwa nyati wa kitalu chake au kwa ushuru wa tumbaku. Kila mwaka nina wanafunzi kutoka Manyoni, Sikonge, Mlele, Liwale, Namtumbo. Huwa nawauliza: nani amewahi kuona, kwenye ubao wa matangazo wa kijiji chake, karatasi inayosema mwaka huu kitalu kilicho jirani kimepewa mgawo wa wanyama hawa, wamewindwa hawa, zimelipwa shilingi hizi? Darasa linanyamaza. Wanaoinua mkono karibu wote wanatoka kwenye vijiji vilivyomo katika jumuiya za hifadhi za wanyamapori, ambako angalau kijiji kinaweka saini. Jumuiya hizo zina matatizo yake, nimeyaandika hapa mara nyingi. Lakini katika hizo mwindaji lazima amtambue mwenye nyumba.

Hata huko hali si shwari. Tangu Septemba 2023, tembo madume wakubwa wanaojulikana na watafiti wa Amboseli walipigwa ndani ya Enduimet, upande wetu wa Kilimanjaro, na kelele zikasikika dunia nzima. Nilifuatilia mjadala ule kwa makini. Wanasayansi walizungumza, kampuni zikazungumza, vyama vya wawindaji vya ng'ambo vikazungumza. Ilinibidi nitafute sana kusikia sauti ya mfugaji wa Enduimet, awe anaunga mkono au anapinga.

Na kuna lile la bima. Mgeni akiparuliwa na chui, ndege itamfuata. Sina ubaya na hilo, ni haki ya kila binadamu kuokolewa. Lakini nyati aliyejeruhiwa na risasi ya mgeni asipopatikana, akatoka porini usiku na kukutana na mama anayechota maji, mama yule ataletewa baiskeli au pikipiki mpaka zahanati. Akifa, familia italipwa kile ambacho serikali yetu, kwa uungwana wa lugha, inakiita kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango chake kuwa shilingi 1,000,000. Hata kikiongezwa mara mbili au tatu, linganisheni wenyewe na bei ya safari ya siku 21. Nimemuuliza kijana kama mwongozo unamwagiza mgeni atoe taarifa kijijini pale anapojeruhi mnyama hatari akampoteza. Haumwagizi. Unamwambia tu kwamba mnyama aliyejeruhiwa atahesabiwa kuwa amepigwa, na atamlipia.

Ninachotaka, basi, si kufungwa kwa vitalu. Wenye mamlaka wakinisoma, naomba wafanye mambo ambayo hayahitaji mkopo wala semina. Kibali cha safari ya uwindaji kisitolewe mpaka mpango wa safari utaje kwa majina vijiji vinavyopakana na kitalu. Mgawo wa kila kitalu na malipo ya kila mnyama aliyepigwa vibandikwe katika ofisi za vijiji hivyo, kwa Kiswahili, kabla na baada ya msimu unaoanza Julai. Mnyama hatari aliyejeruhiwa na kupotea atangazwe kijijini siku ileile. Nyama isiyotumika ipelekwe kwa watu, siyo kwa hisani ya meneja mwenye moyo mwema bali kwa kanuni. Tangu mwaka 2020 tuna kanuni za mabucha ya nyamapori, kwa hiyo tusiambiwe kwamba nyama ya porini haiwezi kuliwa kwa utaratibu. Na lile la miaka 20 kwa nyama ya kula nyumbani lirudi bungeni, kwa sababu sheria iliyokusudiwa kwa magenge ya pembe imewameza wenye njaa.

Kwenu wanafunzi, likizo inakuja. Anayetoka kijiji kinachopakana na kitalu aende ofisi ya mtendaji, kwa adabu, aombe kuona taarifa ya mapato ya uwindaji ya mwaka jana. Akijibiwa, aandike alichojibiwa. Akifukuzwa, aandike pia. Nitazipokea taarifa hizo na kuzichapisha bila majina.

Nimemrudishia kijana tafsiri yake juzi. Neno lililokuwa likimshinda zaidi lilikuwa lile walilotumia kulieleza pori, lenye maana ya mahali pasipoguswa, pasipo na mtu. Nilimshauri aandike "pori" tu. Mwishoni nikaongeza ukurasa wa 32, wenye kichwa "Vijiji vinavyopakana na kitalu", na chini yake mistari mitupu, maana yeye ndiye anayeyajua majina. Ameyajaza yote, cha kwanza kikiwa kijiji cha baba yake mdogo. Meneja wake amemuuliza kama ukurasa ule ni wa waraka au ni wa mwalimu. Amejibu kuwa ni wa mwalimu. Bado hajaambiwa kama utachapishwa.